Wasifu wa Mama Kwapa Ambao Hautasomwa Jukwaani

Ndugu zangu wa chumba cha kuchanganyia, kabla hamjasoma mstari wa pili, nawaomba kwa heshima zote: neno lolote lililomo humu lisitoke nje yenu ninyi kumi na wanane. Msilisome kwa sauti. Msilipige picha. Msimwonyeshe hata mlinzi wa getini ambaye sote tunampenda, kwa sababu yeye humpenda kila mtu na humweleza kila mtu. Mkimaliza, karatasi ichomwe. Wasifu utakaosomwa jukwaani siku ya Ijumaa nimeuandika mimi pia, na Meneja ameupitia kwa kalamu nyekundu. Huu ni ule wa kwanza, kabla ya kalamu, pamoja na mambo ambayo hata katika ule wa kwanza sikuthubutu kuyaandika.

Mama Kwapa anastaafu Ijumaa, tarehe ishirini na nane mwezi huu, baada ya kuitumikia idara yetu ya vitu vya mimea kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Ana umri wa miaka hamsini na saba. Alikuwa amebakiza mitatu. Barua yake ya kuomba kuondoka mapema ina mistari miwili tu, na mmoja wake ni wa kuomba radhi.

Aliajiriwa akiwa mfagiaji. Wakati huo kiwanda kilitengeneza sabuni za miche na zile dawa za kupulizia kwapani zenye makopo ya rangi. Idara yetu haikuwapo. Kilichokuwapo ni meza moja chini ya ngazi, ambapo mfagiaji aliyekataliwa na kila kitu cha dukani alijichanganyia vyake wakati wenzake wanakula. Sabuni ya kawaida ilimpasua vidole. Dawa ya kupulizia ilimtoa vipele mpaka akawa anatembea mikono imeachana na mbavu, kama mtu aliyekumbatia matikiti mawili yasiyoonekana. Akajaribu limau, likamuunguza. Akajaribu shabu peke yake, ikamtumikia hadi saa sita mchana kisha ikaaga. Akajaribu majani ya mwarobaini yaliyopondwa, akanuka kama shamba baada ya mvua. Baada ya miezi tisa akapata dawa aliyoitaka: mafuta ya nazi, nta ya nyuki, wanga wa muhogo, magadi soda na mafuta ya mchaichai.

Siku hiyo alipaka kwapa la kushoto, la kulia akaliacha lilivyo, akafagia kiwanda kizima. Saa kumi jioni alipanda hadi kwa mkurugenzi wa enzi hizo akamwomba anuse pande zote mbili. Wanaokumbuka wanasema mkurugenzi aliponusa upande wa kulia alirudi nyuma hatua mbili, na aliponusa wa kushoto akauliza nani anachemsha chai. Wiki iliyofuata mfagiaji alikuwa na chumba chake. Jina pia alilipata siku hiyo, wala hakulikataa. Husema, "Wenzangu wanaitwa kwa watoto wao. Mimi naitwa kwa kazi yangu."

Ninyi mnaujua utaratibu wake kuliko mimi, lakini nauandika ili ubaki mahali fulani. Hakuna mkupuo hata mmoja uliotoka chumbani bila kupita mwilini mwake. Mkupuo mpya kushoto, wa zamani kulia, na hakuna kuoga mpaka kesho yake. Akiwashwa, mkupuo mzima ulirudi kwenye beseni. Alikuwa na msemo wake kwamba pua hudanganywa lakini kwapa halidanganyiki. Sisi wa ofisini tulijua siku za juma kwa kupishana naye koridoni: Jumatatu mchaichai, Alhamisi karafuu. Siku moja muuzaji wa kampuni nyingine alikuja na koti na tai kututangazia dawa yake ya kupulizia inayodumu siku mbili. Mama Kwapa alimsogelea, akavuta pumzi mara moja, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, umepaka rangi ukuta unaovuja." Yule muuzaji aliondoka na makopo sita ya kwetu.

Unga wa meno wa mkaa na karafuu ni wake. Ndio uliotutia aibu siku wageni walipokuja ghafla wakamkuta katikati ya majaribio, akawakaribisha kwa tabasamu jeusi tititi. Mgeni mmoja wa kike alitaka kumwitia daktari. Shampuu ya mshubiri ni yake. Taulo za kike za kitambaa, zile za kufua na kuanika, ni wazo lake, na aliwafundisha wanne kati yenu kuzishona kwa pamba isiyotiwa rangi. Sabuni ya mwarobaini aliipika kwa ajili ya watoto wenye ngozi zisizovumilia kitu, na barua za mama zao zimejaza faili mbili nene. Nazijua kwa sababu faili zote za kiwanda hiki hukaa kwangu. Ningependa kuishia hapa. Wasifu wa jukwaani unaishia hapa.

Mwezi wa tatu mwaka huu ofisi iliamua kwamba kanuni za Mama Kwapa zisikae tena kichwani mwake. Wakaguzi walikuwa wanakuja, na wakaguzi wanataka karatasi. Karani mmoja akatumwa kuziandika kwenye kadi, kila kanuni na kadi yake, kwa vipimo vya gramu. Karani huyo alikuwa na miezi minane kazini na cheti kizuri, na alitaka sana kuonekana kuwa na faida. Alikaa na Mama Kwapa siku mbili. Mama Kwapa akamtajia kila kitu kwa mpangilio, bila kukwama. Alipofika kwenye dawa ya kwapa akasema magadi soda ni vichoteo vitano vya kusawazisha, na akamwonyesha kichoteo chake, kile cha alumini kilichokuwa kikining'inia kwenye msumari juu ya beseni.

Kadi ilitaka gramu. Mama Kwapa alikuwa katikati ya kuyeyusha nta, na nta haimngoji mtu. Karani hakutaka kumsumbua. Akashuka stoo, akachukua kichoteo cha namna ileile, kipya, bado kina karatasi ya bei, akakijaza magadi soda, akakisawazisha kwa rula, akapima. Gramu mia moja thelathini na nane. Mara tano, mia sita na tisini. Akaandika mia sita na tisini kwa mwandiko mzuri, akampelekea Mama Kwapa atie sahihi. Mama Kwapa akauliza, "Hii ndiyo vitano?" Karani akasema ndiyo, mama. Akatia sahihi. Karani akapewa barua ya pongezi.

Karani huyo ni mimi.

Mwezi wa saba Mama Kwapa alichukua likizo, ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, akamuuguze dada yake aliyepasuliwa. Alikuwa ametuachia kadi, kwa hiyo aliondoka bila wasiwasi. Mkachanganya ninyi, kwa kadi, kwa mizani, sawasawa kama ilivyoandikwa. Nasikia mmoja wenu aliuliza, "Jamani, mbona leo nyeupe hivi?" na mwingine akamjibu, "Kadi ndiyo imesema, dada, au wewe umesoma kuliko kadi?" Mkacheka, mkaendelea. Hamna kosa. Makopo mia sita yakatoka.

Barua za wateja mnazijua. Mwalimu ambaye hakuweza kuinua mkono kuandika ubaoni. Muuguzi aliyebabuka ngozi mpaka sare ikawa inamgandia. Msichana aliyeandika kwamba alitukimbilia sisi kwa sababu vya dukani vilimuumiza, na sasa hajui akimbilie wapi. Barua themanini na tatu, nimezihesabu mara tatu. Mama Kwapa aliporudi alizisoma zote, moja moja, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kisha akaomba karatasi, akamjibu kila mmoja kwa mkono wake. Mimi ndiye niliyezifunga bahasha. Kila barua ilikuwa na maneno haya: nisamehe, kosa ni langu, umri umenishinda.

Kwenye kikao alisimama kabla hajaulizwa. Akasema anakumbuka vichoteo vitano. Kisha akaziangalia kuta, akasema, "Lakini nakumbuka na vinne pia. Nikifumba macho naona vinne, naviona kabisa, mkono wangu huu. Sasa mtu gani mwenye akili zake anakumbuka hesabu mbili za kitu kimoja?" Meneja akasema uzee huja na mambo yake, na kwamba ndiyo maana ya kadi: zikifanyiwa masahihisho, mambo kama haya hayatatokea tena. Nilikuwa naandika muhtasari. Niliandika hayo yote. Nilikuwa bado sijui.

Tangu siku ile hajagusa beseni. Mmemwona: anakaa karibu na dirisha, anapanga vifuniko kwa rangi, na ukimsalimu anajibu baada ya muda kama anayetafuta neno lisikosewe. Mtu aliyekuwa akituchekesha mpaka tunashika mbavu sasa anauliza leo ni siku gani, akijibiwa anaandika kiganjani.

Nimejua wiki mbili zilizopita. Nilitumwa kutafuta kitu chake cha kazi cha kumzawadia, nikakitoa kile kichoteo kabatini, ofisi ilikokitupa wakaguzi walipokuja wakati wa likizo yake. Nilikiweka mezani karibu na kipya. Ndugu zangu, mdomo wa kile cha zamani umeliwa. Miaka thelathini na mmoja ya kukwangua chini ya beseni la chuma imekula ncha yote na upande wa kushoto, kwa sababu yeye hutumia mkono wa kushoto. Nilikijaza magadi soda, nikakisawazisha, nikapima. Gramu tisini na sita. Nikarudia. Tisini na sita. Mara tano ni mia nne na themanini. Mimi nilikuwa nimeandika mia sita na tisini.

Nilivichukua vyote viwili nikapanda kwa Meneja. Nilieleza vizuri, nadhani. Alisikiliza mpaka mwisho, na si mtu mbaya, alinivutia kiti. Kisha akasema, "Kijana, kosa la mama mzee linasameheka. Kosa la karatasi linafunga idara. Mkurugenzi alitaka kuifunga tangu barua ya kwanza; nimemtuliza kwa kumwambia aliyekosea anaondoka. Sasa nikamwambie nini, kwamba ni ofisi yangu? Unataka wanawake kumi na wanane waende nyumbani ili wewe ulale vizuri?" Nikasema hapana, bosi. Akasema, "Basi iache hivyo, mwanangu. Tutamuaga vizuri." Kesho yake kichoteo kilipelekwa kwa fundi. Kimepuliziwa rangi ya dhahabu, kimegongomelewa kwenye ubao kwa misumari miwili iliyopita katikati, na chini yake kuna maneno ya shukrani. Atakabidhiwa Ijumaa. Atakitundika ukutani kwake, ushahidi wake wote ukimwangalia, na hakitapimiwa tena kitu.

Kwa hiyo nilikwenda kwake mwenyewe, Jumapili alasiri. Anaishi na binti yake, vyumba viwili na jiko la nyuma. Juu ya rafu kila kopo limebandikwa karatasi: chumvi, sukari, majani ya chai, unga. Binti yake amekifungua kile kichwa cha mtungi wa gesi, anakwenda nacho kazini ndani ya mkoba, mama asije akawasha akasahau. Mama anakula kilichopoa mpaka jioni. Wala hakusahau kitu jikoni hata siku moja. Binti ameogopa tu, na mama amekubali, kwa sababu naye ameogopa.

Nilimweleza taratibu, nikamwandikia na hesabu. Alinishika mkono. "Mwanangu, wewe umelelewa," akaniambia. "Mama yako apewe mbingu. Lakini usijitwike mzigo wangu, una safari ndefu."

Nikamwambia, mama, sikubembelezi, nimepima kwa mizani.

"Na vinne je?" akauliza. "Vinne navitoa wapi?"

Nikaitazama tena ile hesabu niliyomwandikia. Akatabasamu, tabasamu la mtu anayemwonea mtoto huruma, akamwita binti yake anisindikize.

Jibu la vile vinne lilikuwa kwenu. Jumanne nilipoleta fomu za mahudhurio, yule mkubwa wenu, aliyeanza na Mama Kwapa mwaka mmoja, alikuwa anamtania msichana mgeni: "Vitano, vitano! Enzi zetu tulitia vinne tu na kwapa likanyamaza. Magadi ya siku hizi hayana nguvu." Nilikaribia kuangusha fomu. Magadi hayajabadilika, ndugu zangu. Kichoteo kilikuwa kinaliwa. Kilipokuwa kimelika kidogo tu, vinne vilitosha. Kilivyozidi kulika, kwapa lake la kushoto lilimwambia haitoshi, akaongeza kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka vikawa vitano, bila yeye mwenyewe kujua kwa nini. Anakumbuka vinne kwa sababu vilikuwa vinne. Anakumbuka vitano kwa sababu vilikuwa vitano. Hakuna hata siku moja aliyokosea. Kichwa chake ni kizima kuliko faili zangu zote.

Nilirudi kwake jioni ileile. Binti yake alinikuta mlangoni, hakuniruhusu kuingia. "Kaka, naomba umwache. Ulipoondoka juzi alihesabu vidole mpaka nikalia. Ukimpa tumaini halafu likamtoka, mimi ndiye nitakayebaki naye." Na ana haki. Mimi kwa mama yake ni mtoto mwenye adabu anayesema uongo wa huruma. Maneno yangu yamekwisha thamani.

Sikuandika haya ili mwende jukwaani. Idara ikifungwa, hao watoto wa ngozi mbovu watarudi kwenye sabuni zinazowapasua, nanyi mtarudi mlikotoka, na yeye mwenyewe hatanisamehe. Sitaki pia kuwadanganya kwamba nawafikiria ninyi tu: nina woga wangu, na ninautazama kila asubuhi nikinyoa. Kinachonikosesha raha ni kitu kimoja. Ijumaa atapanda gari akiwa anaamini kwamba akili imemtoka, na mtu akiamini hivyo kwa muda mrefu, huanza kuishi hivyo. Ameshaanza. Binti yake ameshaanza kumzoea hivyo. Tukichelewa, siku tutakayomwambia hatakuwa tena mtu wa kuambiwa.

Atamwamini mtu aliyechota naye. Atamwamini mtu atakayekaa kitandani kwake amwambie, "Dada, mimi nilikuwepo, vilikuwa vinne kweli, na nakumbuka na siku tuliyoanza kuongeza." Hilo ndilo ninaloliomba. Si hotuba, si barua. Mtu mmoja wa enzi zile, pamoja na mimi na zile gramu zangu, kabla ya Ijumaa.

Mama Kwapa, kama siku moja karatasi hii itakufikia mkononi: asante kwa kila asubuhi uliyojitolea ngozi yako ili ya mwingine isiumie. Asante kwa makopo yote yaliyorudi kwenye beseni bila sisi kujua. Tunakuombea, mama yetu, miaka mingi ya kupumzika, jiko lako likiwa mikononi mwako na akili yako yote ukiitambua kuwa ni yako.

Anayetaka kunipata: nipo dirisha la kumbukumbu, ghorofa ya chini, mlango wa tatu baada ya stoo ya vifungashio. Njoo Jumatano au Alhamisi, kati ya saa sita na nusu na saa saba, Meneja anapokwenda kula. Usipige simu ya ofisini, inapokelewa juu. Ukimkuta mtu mwingine amesimama pale, sema umekuja kusahihisha tarehe ya kuzaliwa, nami nitakuelewa, nitakutoa kwa mlango wa nyuma na tutakwenda kwake kwa miguu, si mbali. Usiogope kwamba umri au masomo hayakutoshi. Kumbukumbu yako inatosha. Kioo cha dirisha hilo ni cheusi kwa nje, kwa hiyo utadhani hakuna mtu. Gonga. Nipo ndani, nimekaa, nasikiliza.